Sikio la kushoto lilikuwa lake

Spika za masikioni zilikuwa jozi moja, na sisi tulikuwa wawili. Nikachukua ya kulia, somo akachukua ya kushoto, tukaegemea ukuta na kompyuta tukaiweka juu ya mto katikati yetu. Waya ulikuwa mfupi. Mmoja akigeuza kichwa kidogo tu, mwenzake anabaki anatazama midomo inayocheza bila sauti. Kwa hiyo tulikaa bega kwa bega mpaka filamu ikaisha, na kila mmoja alijua pumzi ya mwenzake inapopanda na inapokatika.

Tulikuwa tukiitana somo kwa sababu majina yetu ni yale yale, na kwa sababu hakuna jambo langu ambalo yeye hakulijua. Mimi nilipiga gita na kuimba sauti ya kwanza. Yeye aliimba ya pili, akatikisa kayamba, na aghalabu ndiye aliyeandika maneno. Nilimpa tuni usiku, asubuhi anakuja na beti tatu zimekaa kama zilizaliwa pamoja na hiyo tuni.

Filamu ile ni Once, ya mwongozaji John Carney, iliyotoka mwaka 2007. Inatokea Dublin. Mwanamume anaimba barabarani na gita lililotoboka kwa kupigwa miaka na miaka, na mwanamke mhamiaji anasimama kumsikiliza. Hawana majina, tangu mwanzo mpaka mwisho hakuna anayetajwa kwa jina. Mwanamke hana piano, lakini mwenye duka la vyombo vya muziki humruhusu apige piano ya dukani saa ya chakula cha mchana. Siku moja wanaingia wote wawili. Mwanamume anamwonyesha nyuzi za wimbo wake, hapa hivi, pale hivi, kisha anaanza. Mwanamke anagusa piano kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Anakosa kidogo, anapata, halafu sauti yake inaingia chini ya ile ya kwanza, taratibu, bila kuisukuma.

Somo alinishika mkono. Hakusema kitu. Nilihisi vidole vyake vinafuata mwendo wa piano juu ya kiganja changu.

Waliocheza nafasi zile, Glen Hansard na Markéta Irglová, walikuwa wanamuziki kwanza, na nyimbo walitunga wenyewe. Filamu ilipigwa kwa siku 17 tu, kwa fedha kidogo, na sehemu nyingine kamera iliwekwa mbali kiasi kwamba wapita njia hawakujua wanapigwa picha. Nadhani ndiyo maana haina pambo. Ukiwatazama unaona watu wawili wanaosikilizana kwelikweli, na kusikilizana ni jambo gumu kuigiza.

Mwaka 2008 wimbo wao ulipata tuzo ya Oscar. Tuliitafuta video ya usiku ule. Hansard akashukuru, Irglová akasogea kwenye maikrofoni, na kabla hajatamka neno okestra ikaanza kupiga kuwaashiria muda umekwisha. Akaondoka bila kusema. Baada ya mapumziko, mwendesha sherehe Jon Stewart akamrudisha jukwaani azungumze. Mimi nilifurahia ushindi. Somo aliirudisha nyuma ile sehemu ya okestra, akaitazama tena, kisha mara ya tatu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Si wamemrudisha?" nikamjibu.

Akanyamaza. Ningekuwa na masikio siku ile, ningelijua jibu langu lilimwacha wapi.

Mwaka uliofuata tulianza kualikwa huku na huku, harusi, mikutano midogo, jioni za mashairi. Mimi nikaanza kuota makubwa. Wakati huo ndipo nilipoiona Whiplash, ya Damien Chazelle, iliyotoka mwaka 2014. Kijana anayeitwa Andrew anasomea dramu katika chuo cha muziki cha New York, na mwalimu wake, Fletcher, anawafundisha kwa matusi na vitisho. J. K. Simmons alipata Oscar kwa kumcheza huyo mwalimu, na aliistahili. Akinyamaza tu unaogopa. Kuna mazoezi ambapo anamsimamisha kijana tena na tena kwa sababu ya mwendo. Anamzaba makofi huku akimuuliza: unakimbia, au unachelewa? Kijana analia, hajui. Baadaye tunamwona akipiga peke yake mpaka mikono inatoka damu, anaitumbukiza kwenye barafu, anarudi kwenye dramu.

Niliitazama peke yangu, usiku, na nikatoka nayo vibaya. Niliona damu na nikaiita bidii. Niliona kijana anamwacha msichana wake ili apate muda wa mazoezi, nikaona ndivyo mtu anavyojipata: anapunguza watu mpaka anabaki yeye na kipaji chake. Sikuwa mtoto. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, na bado filamu ile ilinipa ruhusa ya kuwa mkali, jambo ambalo nadhani nilikuwa nikilitafuta.

Jioni moja tulikuwa tukifanyia mazoezi wimbo ambao maneno yake yalikuwa ya somo. Kwenye kiitikio yeye alipaswa kuingia nusu pigo baada yangu. Kila akiingia, nilihisi ananivuta nyuma. Nikapiga meza kwa kiganja. "Unachelewa, somo. Tena." Akaingia. "Unachelewa. Tena." Tulirudia mara tisa, najua ni tisa kwa sababu simu ilikuwa ikirekodi. Mara ya tisa nikamsimulia kile kisa ambacho Fletcher anakisimulia kwenye filamu, kwamba Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi, alipokuwa kijana alikosea jukwaani, mpiga dramu Jo Jones akamrushia toazi la dramu kichwani, karibu limkate shingo, na kwamba ndiyo sababu Parker alikuwa Parker.

Akanitazama kwa muda. Akasema, "Kwa hiyo mimi nastahili kurushiwa toazi."

Kayamba hailazwi mezani bila kulia. Aliiweka polepole sana, kwa mikono miwili, na bado ililia mbegu zote zilipoteremka upande mmoja. Kisha akachukua mkoba wake. Mlango hakuubamiza. Sikumfuata, kwa kuwa nilikuwa na uhakika kwamba kesho atarudi, na kwamba atarudi akiwa amejifunza mwendo.

Hakurudi kesho, wala mwezi ule, wala mwaka ule.

Niliimba peke yangu kwa miaka mitatu. Sitaki kusema yalikuwa mabaya yote. Nilijifunza kusimama mbele ya watu bila mtu wa kumtazama pembeni, nilijifunza kuandika maneno yangu mwenyewe ingawa yalikuja kwa shida. Lakini kila nikifika mahali pa kiitikio nilihisi ngazi ina kidato kilichong'oka. Mguu ulishazoea kukikanyaga.

Katika kipindi hicho niliangalia filamu nyingi za muziki, nyingi mno. Nyingine nilizichoka haraka, hasa zile za maisha ya wanamuziki mashuhuri zinazofuata njia moja: utoto wa taabu, wimbo wa kwanza, ulevi, anguko, jukwaa kubwa la mwisho. Ndani ya filamu hizo rafiki ni ngazi. Anapandiwa, halafu kamera inamwacha chini. Zamani sikuliona hilo. Sasa kila alipotokea mpiga besi aliyefukuzwa au mwimbaji aliyeachwa kituoni, nilitaka kumfuata yeye, nijue usiku ule alilala wapi.

Kisha nikairudia Whiplash. Sijui kwa nini. Labda nilitaka iniambie tena kwamba nilikuwa sahihi. Safari hii nilisikia vitu ambavyo mara ya kwanza vilinipita. Fletcher anawatangazia wanafunzi, machozi yakimlengalenga, kwamba mwanafunzi wake wa zamani amekufa kwa ajali ya gari. Baadaye tunajulishwa kwamba alijinyonga baada ya miaka ya msongo ulioanzia mikononi mwa mwalimu huyohuyo. Na mwishoni kabisa, kijana anapopiga dramu kwa namna ya kumfanya mtu asimame, kuna sekunde chache ambapo baba yake anamchungulia kupitia upenyo wa mlango wa jukwaa. Mara ya kwanza nilidhani ni fahari. Tazama macho yake vizuri. Yule baba anaona mwanawe anachukuliwa.

Nikaenda kutafuta kile kisa cha toazi. Jo Jones hakumrushia Parker kichwani. Alilitupa sakafuni, karibu na miguu yake, likalia, ishara ya kumwambia ashuke jukwaani. Ilikuwa aibu mbele za watu, nayo ilimchoma Parker, akaenda akafanya mazoezi makali. Lakini hakuna aliyetaka kumkata shingo. Fletcher alikikoleza kisa ili ukatili wake uonekane kuwa ni njia ya kutengeneza magwiji. Nami nilikibeba kisa hicho kilichokolezwa nikamwekea mtu aliyenipenda.

Usiku uleule nikafungua rekodi za zamani kwenye simu. Ile ya mazoezi ya mwisho ilikuwepo, dakika 41. Nikawasha metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, nikaipatanisha na mwendo tulioanzia, nikasikiliza. Ubeti wa kwanza nilikuwa sawa. Kuelekea kiitikio gita langu lilianza kutangulia, kidogo tu, kisha zaidi. Somo aliingia mahali pake. Kila mara, mara zote tisa, kayamba yake iliangukia juu ya pigo la metronomu kama mtu anayeweka kikombe juu ya kisahani. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia. Yeye alikuwa ananisubiri, na mimi nikamwita mzito.

Nilisikiliza mpaka mwisho, mpaka ule mlio wa mbegu zikiteremka, mpaka sauti yangu ikisema jambo ambalo sikumbuki kabisa kulisema baada ya mlango kufungwa: "Potelea mbali."

Sikumpigia simu usiku huo. Nilitaka kwanza nielewe nilichomfanyia, nisije nikaenda na samahani nyepesi ya kunituliza mimi. Filamu iliyonisaidia ilikuwa 20 Feet from Stardom, filamu ya matukio halisi ya Morgan Neville ya mwaka 2013, kuhusu waitikiaji, wale wanaosimama nyuma ya mwimbaji mkuu. Darlene Love ndiye aliyenikaa zaidi. Mwaka 1962 aliimba wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani, lakini ukatolewa kwa jina la kundi jingine. Watu wakaimba sauti yake bila kujua ni yake. Ilifika wakati alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu, na akiwa kazini akausikia wimbo wake wa Krismasi redioni. Alirudi kwenye muziki. Mwaka 2011 aliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa roki, kwa jina lake mwenyewe.

Huyo ni mtu aliyenyimwa. Lakini katika filamu hiyohiyo yupo Lisa Fischer, na yeye alinivuruga mawazo. Alishinda Grammy kwa wimbo wake binafsi, mlango ulikuwa wazi, naye akaendelea kuitikia, miaka na miaka kwenye ziara za bendi ya Rolling Stones. Ukimwangalia akiimba huoni mtu aliyeshindwa. Unaona mtu aliyesimama mahali anapopataka. Mimi siku zote nilimwona somo kama mtu anayengoja zamu yake, na kwa siri nilijiona mkarimu kwa kumpa nafasi pembeni yangu. Haikunipitia akilini kwamba sauti ya pili huenda alikuwa ameichagua, na kwamba kutoka pale alikuwa akiusikia wimbo mzima kuliko mimi niliyekuwa mbele.

Jambo la mwisho lilikuwa la bahati. Nilikutana na filamu ya Anvil!, ya Sacha Gervasi, iliyotoka mwaka 2008. Muziki wenyewe, metali nzito, si wa aina yangu hata kidogo. Steve Kudlow, anayeitwa Lips, na Robb Reiner, wa bendi ya Anvil, walikuwa marafiki tangu ujana wao Toronto, na waliahidiana watapiga pamoja mpaka uzee. Mwaka 1984 walipiga Japani kwenye tamasha moja na bendi za Bon Jovi na Scorpions. Hao wengine wakauza mamilioni ya rekodi, wao wakarudi nyumbani kwenye kazi za vibarua. Wanakaribia miaka 50, wanazunguka Ulaya wakikosa treni na kunyimwa malipo. Dada yake Lips anawakopesha fedha za kurekodi albamu ya 13. Na huko studio, Uingereza, baada ya yote hayo, wanagombana. Maneno yanatoka yasiyofaa. Inaonekana imekwisha.

Kisha Lips anarudi kwa mwenzake na kulia. Analia vibaya, kama mtoto, mbele ya kamera. Anamweleza kwamba anamtupia ghadhabu zake kwa sababu hana mwingine wa kumtupia, ndiye aliye karibu kuliko wote. Na Robb, mtu mkimya wa vijiti vya dramu, anakaa pale, anampokea.

Nilisimamisha filamu hapo, nikachukua simu.

Sikumwandikia maelezo marefu. Nilikata kipande cha ile rekodi, mara ya tisa, nikaweka na metronomu juu yake, nikamtumia. Chini yake nikaandika: "Nilikuwa nakimbia mimi. Mara zote tisa. Nisamehe, somo."

Siku nne kimya. Siku ya tano ikaja sauti yake, sekunde sita: "Nilijua. Nilikuwa nakusubiri ujue."

Baada ya hapo hatukuruka kurudi tulipokuwa. Tuliongea kwa simu mara moja kwa wiki, kisha mara mbili. Aliniambia mambo mengine ambayo sikuyajua, kwamba kwenye shughuli watu walimwita "yule wa pembeni" mbele yangu nami nikacheka, kwamba kuna wimbo mmoja niliutambulisha kama wangu na maneno yote yalikuwa yake. Sikujitetea. Hayo ya mwisho yaliniuma kuliko ya kayamba, kwa sababu nilikuwa nimeyasahau kabisa, na yeye alikuwa amebeba tarehe na mahali.

Alipokuja mwishowe, alikuja na filamu yake. "Safari hii nachagua mimi," akasema. Ilikuwa Benda Bilili!, iliyotoka mwaka 2010, kazi ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, waliowafuata kwa miaka kadhaa wanamuziki wa mitaani Kinshasa, wengi wao waliopooza miguu kwa polio, wanaotembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizozitengeneza upya. Yumo kijana Roger, na chombo chake amekitengeneza mwenyewe: kopo, kijiti kilichopindwa, uzi mmoja. Uzi mmoja tu! Anaukaza na kuulegeza kwa mkono na sauti inapanda kama ya ndege. Papa Ricky, mkubwa wa bendi, anamchukua kama mwanawe. Hamgeuzi awe kama wao. Anamwachia nafasi katikati ya wimbo na wote wanapunguza sauti ili ule uzi mmoja usikike.

Hapo somo akabonyeza, akairudisha nyuma. Akaitazama tena, kisha mara ya tatu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Wamepunguza," nikasema. "Wote. Hata mpiga besi."

Akatikisa kichwa kukubali. Siku hizo nilishanunua spika ya mezani, kubwa, yenye sauti nzuri. Hatukuiwasha. Alikuwa ametoa kwenye mkoba zile za zamani za waya, moja imeshaanza kukwaruza, akanipa ya kulia.

Filamu ilipokwisha nikachukua gita. Kayamba ilikuwa palepale juu ya kabati miaka yote hiyo. Niliipangusa vumbi lakini sikuwahi kuitikisa. Tukaanza ule wimbo wake. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, sauti yake imekuwa nzito kidogo kuliko zamani, inapendeza hivyo. Tulipokaribia kiitikio akainua kidole.

"Unakimbia, somo."

Nikashika nyuzi zote kwa kiganja zikanyamaza. Akafumba macho, akahesabu kimoyomoyo, nikimwona midomo. Nikamsubiri.